Fizikia Kigoma: maswali tunayoulizwa kuhusu ziwa, radi, anga na kazi ya watafiti

Sisi ni walimu na wahitimu wa fizikia tunaoishi Kigoma. Tukitega darubini ufukweni, tukitembelea shule, au tukikaa na wavuvi mwaloni Kibirizi wakisubiri giza liingie, maswali yanayokuja ni yale yale, na mengi ni mazuri kuliko yaliyomo vitabuni. Tumeyapanga kwa namba. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, tunakuelekeza kwenye namba yake.

## Watafiti na wananchi

1. Idara ya fizikia ya chuo kikuu inafanya nini hasa?

Inafundisha, inatafiti, na inatakiwa iwaeleze wananchi ilichokipata. Watu wengi wanaijua kazi ya kwanza tu. Katika utafiti, mwanafizikia mmoja atachunguza utando mwembamba unaogeuza mwanga wa jua kuwa umeme, kazi ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeifanya kwa miaka mingi. Mwingine atapima mionzi ya asili kwenye udongo na maji, na mwingine atafuatilia mvua, upepo au mitetemeko.

Maabara kubwa ziko Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na Mbeya. Kilichoko Kigoma ni vitu vyenyewe vya kupimwa: ziwa lenye kina kuliko yote Afrika, bonde la ufa lililo hai, na radi za kutosha. Ndiyo maana hatukubali mtoto wa Ujiji aambiwe kwamba fizikia iko mbali naye.

2. Swali la mtu wa kawaida linaweza kweli kuwa utafiti?

Linaweza, na Tanzania ina mfano unaojulikana dunia nzima. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Shule ya Sekondari Magamba, mkoani Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Siku moja nafasi ilikuwa inakwisha, Mpemba akaweka yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa.

Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kuzungumza na wanafunzi: Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akauliza tena swali lake, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, jaribio likafanywa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Tangu hapo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba.

Je, ni kweli kwamba maji ya moto huganda mapema? Mabishano bado yapo. Mwaka 2016 watafiti nchini Uingereza walirudia vipimo kwa uangalifu na hawakuiona athari hiyo. Wengine wanasema inategemea chombo, uvukizi na mahali unapoweka kipimajoto. Kwetu sisi uzito uko kwenye ile ziara. Mtaalamu alitoka chuoni akaenda shuleni, akaulizwa swali, akaona linastahili kupimwa. Shule ile ya Mkwawa tangu 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachofundisha walimu.

3. Jioni za darubini zina kiingilio? Watoto wanaruhusiwa?

Hakuna kiingilio. Watoto waje na mzazi au ndugu mkubwa, na kila mtu abebe kitenge au mkeka wa kukalia. Tunachagua siku ambazo mwezi haujajaa, kwa sababu mbalamwezi hufuta nyota hafifu. Kiangazi, hasa Juni na Julai, ndicho kizuri zaidi. Kuanzia Agosti moshi wa mapori yanayochomwa huanza kutanda.

4. Mnaweza kuja shuleni kwetu? Hatuna umeme wala maabara.

Tunaweza, na umeme si sharti. Uzi wa mita moja na jiwe vinatosha kupima nguvu ya mvutano wa dunia: bembea moja, kwenda na kurudi, huchukua sekunde 2 na kidogo sana. Mwalimu wa fizikia azungumze kwanza na mkuu wa shule, kisha watutumie maswali ya wanafunzi kabla hatujaja. Tukija na hotuba yetu tuliyoiandaa wenyewe wanafunzi husinzia, lakini tukija kujibu maswali yao kengele ya chakula hupigwa wakiwa bado wamekaa.

## Ziwa Tanganyika

5. Nani aliyefika chini akajua kina ni mita 1,470?

Sauti ndiyo iliyofika. Chombo kilichoko kwenye meli hupiga mlio kuelekea chini, mlio hugonga sakafu ya ziwa na kurudi. Kwenye maji sauti husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo penye kina kirefu zaidi mwangwi hurudi baada ya sekunde 2 hivi. Unazidisha mwendo kwa muda, unagawa kwa mbili. Watafiti wa Kibelgiji walifanya kazi hiyo katika msafara wao wa 1946 na 1947.

Uso wa ziwa uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hivyo sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa huo. Kule chini kila sentimita mraba inabeba uzito wa maji wa karibu kilo 150. Duniani ni Ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolizidi kwa kina.

6. Ziwa lina kina hivyo, mbona samaki wanavuliwa sehemu ya juu tu?

Kwa sababu chini hakuna oksijeni. Kuanzia mita 100 hadi 200 hivi, kutegemea uko kaskazini au kusini, maji hayana hewa ya kumtosha samaki. Dagaa na migebuka wote wanaishi kwenye tabaka la juu ambalo ni sehemu ndogo sana ya ziwa lote.

Sababu ni joto. Maji ya juu huwa na nyuzi 25 hadi 28, ya kilindini ni nyuzi 23 na kidogo. Maji ya uvuguvugu ni mepesi, kwa hiyo yanakaa juu ya yale mazito kama mawese yanavyokaa juu ya maji. Mtu anaweza kudhani tofauti ya nyuzi tatu au nne ni ndogo mno kufanya kazi hiyo. Lakini maji yakiwa karibu nyuzi 25, kila nyuzi moja hubadilisha uzito wake zaidi ya mara 10 ya inavyokuwa kwenye maji ya nyuzi 5. Ndiyo maana ziwa la nchi yenye joto hujigawa matabaka kirahisi, na upepo hupata shida kuyachanganya.

Mizoga na mabaki ya mimea midogo huzama hadi kilindini, huoza na kumaliza oksijeni. Rutuba yote ya ziwa hulala kule, ikisubiri kitu cha kuipandisha.

7. Wazee wanasema kusi likivuma ziwa linageuka. Linageuka vipi?

Wazee wako sahihi. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma ukifuata urefu wa ziwa, karibu kilomita 670. Huyasukuma maji ya uvuguvugu kuelekea kaskazini, kwa hiyo tabaka la juu linakuwa nene upande wa Kigoma na Bujumbura, na jembamba upande wa Mpulungu, Zambia. Kule kusini maji ya chini, baridi na yenye rutuba, hupata nafasi ya kupanda. Mimea midogo huongezeka, vidudu vinavyoila huongezeka, kisha dagaa.

Upepo ukilegea, mpaka kati ya matabaka mawili, uliokuwa umeinama, huanza kubembea kaskazini na kusini. Bembea moja huchukua wiki tatu hadi nne. Hayo ni mawimbi ya ndani: mpaka hupanda na kushuka kwa makumi ya mita, na aliye juu kwenye mtumbwi haoni chochote. Yanasaidia kuinua rutuba hata miezi ambayo hakuna kusi. Kati ya mambo yote ya fizikia yanayotokea Kigoma, hili ndilo tunalotamani kila mvuvi alione kwenye grafu walau mara moja. Uzi wenye vipimajoto vilivyofungwa kila baada ya mita kadhaa, ukiachwa majini miezi michache, unaonyesha kila kitu.

8. Ni kweli ziwa linapata joto? Na dagaa wanapungua kwa sababu hiyo?

Joto linapanda, hilo limepimwa. Watafiti walikuwa na bahati ya kupata vipimo vya 1913, wakavilinganisha na vya mwisho wa karne. Mwaka 2003 makundi mawili tofauti yalitangaza matokeo: maji yamepata joto hadi kilindini, na kwa kuwa ya juu yanapata joto haraka zaidi, matabaka yamezidi kuachana. Kundi moja lilikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo umeshuka kwa asilimia 20 hivi.

Kuhusu dagaa, wapo wanaoweka lawama zaidi kwenye wingi wa nyavu na nyavu zenye matundu madogo. Sisi tunaona sababu hizo mbili zinasaidiana, na joto likiwapo uvuvi wa pupa unaumiza zaidi, maana ziwa halirudishi haraka kilichochukuliwa. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania ina kituo hapa Kigoma. Kuhusu idadi ya samaki wao ndio wa kuulizwa. Sisi tunazungumzia maji.

9. Kwa nini tunavua kwa taa, na mwezi ukijaa tunalala nyumbani?

Vidudu vya majini hufuata mwanga, dagaa huwafuata vidudu, na migebuka huwafuata dagaa. Usiku wa giza taa yako ndiyo mwanga pekee, kwa hiyo inakusanya. Mwezi ukijaa ziwa lote limewaka, na samaki hana sababu ya kuja kwako.

Tunaulizwa pia ipi bora, karabai au taa za LED za sola. Maji humeza rangi nyekundu ndani ya mita chache tu, wakati buluu na kijani huenda mbali chini. Karabai hutoa wekundu na joto jingi ambalo halifiki popote, na mafuta yanaungua. Taa ya LED nyeupe ina buluu nyingi, kwa hiyo kwa umeme kidogo inaangaza kina kikubwa. Kwa mfuko wa mvuvi, LED inashinda. Kwa afya ya ziwa inategemea wangapi wanawasha, na hapo rudi swali la 8.

10. Maji yamepanda mpaka kwenye nyumba. Je, ziwa litaendelea kupanda?

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na mlango huo ni mwembamba. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayoondoka huondoka kama mvuke. Kwa hiyo usawa wa ziwa ni mapambano kati ya mvua pamoja na mito kama Malagarasi na Ruzizi upande mmoja, na jua upande mwingine. Miaka kadhaa ya mvua nyingi mfululizo inatosha kupandisha maji, na miaka ya ukame huyashusha polepole.

Limeshafanya hivyo. Katika miaka ya 1870 Lukuga ilikuwa imeziba na ziwa lilijaa kuliko leo. Lilipozibua, likashuka kwa mita kadhaa. Nenda pale Ujiji ambapo Livingstone na Stanley walikutana mwaka 1871. Wakati ule ufukwe ulikuwa karibu, leo kutoka kwenye kumbukumbu ile unatembea kabla hujaona maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 likapanda tena, na baada ya 2020 tumeyaona wenyewe. Anayejenga aiheshimu alama ya maji ya juu kabisa aliyoisikia kwa babu yake, hata kama kiwanja kimekauka miaka 30.

11. Linaweza kulipuka kwa gesi kama lile ziwa la Kameruni?

Hofu hii inaeleweka. Tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos lilitoa wingu la kaboni dayoksidi lililoua watu zaidi ya 1,700. Jirani yetu Kivu pia lina gesi nyingi sana kilindini, kaboni dayoksidi na methani, na linafuatiliwa kwa makini.

Ili ziwa litoe gesi ghafla, maji ya chini lazima yawe yamekaribia kujaa gesi kwa kiwango ambacho shinikizo la pale linaweza kuizuia. Tanganyika lina methani na gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza chini, lakini viko mbali sana na kiwango hicho. Usikose usingizi kwa sababu ya Nyos.

12. Na tetemeko?

Hilo ndilo la kufikiria. Ziwa lenyewe ni ufa uliojaa maji, na pande zake mbili zinaachana kwa milimita chache kila mwaka. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya ziwa na kusikika Afrika Mashariki nzima. Hakuna mtu duniani anayeweza kutaja siku ya tetemeko lijalo, na anayekutumia ujumbe wenye tarehe na saa anakudanganya. Kinachojulikana ni kwamba ukuta wa matofali usio na mkanda wa zege huanguka, na wenye mkanda husimama muda mrefu zaidi.

## Radi

13. Kwa nini radi za huku ni nyingi hivi?

Mashariki mwa Kongo, ng'ambo tu ya ziwa, ni kati ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Setilaiti ya TRMM, iliyorushwa 1997, ilibeba chombo cha kuhesabu miali, na ramani yake ilionyesha eneo hilo liking'aa kuliko karibu mahali pengine popote. Usiku ziwa hubaki na joto wakati milima ya pande zote mbili inapoa. Hewa baridi hushuka kutoka milimani, hukutana juu ya maji na kuisukuma hewa yenye unyevu kwenda juu. Ndani ya wingu, vipande vya barafu na mvua ya mawe hugongana na kuachana vikiwa na chaji tofauti, mpaka hewa inashindwa kuzuia.

14. Nijikinge vipi, hasa nikiwa shambani au ziwani?

Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita moja. Ukifika chini ya 30, radi iko karibu vya kutosha kukufikia: ingia ndani ya nyumba imara au gari lililofungwa, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Watu wengi hupigwa mwanzoni au mwishoni, wanapodhani haijafika au imekwisha.

Usisimame chini ya mti. Radi ikipiga mti huruka kando kumfuata mtu, na pia husambaa ardhini. Aliyesimama miguu imeachana hupitishiwa umeme, mguu mmoja hadi mwingine. Ng'ombe hufa wengi pamoja kwa sababu hiyo, maana miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbali. Ukishikwa mahali wazi, banisha miguu, chuchumaa, na msikae kundi.

Ziwani mtumbwi ndio kitu kirefu kuliko vyote kwa kilomita nyingi, na hakuna ujanja unaozidi kurudi mapema. Mkichelewa, shusheni mlingoti, kaeni chini katikati, msiguse chuma wala maji.

Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguse mara moja. Kama hapumui na moyo umesimama, anza kumkandamiza kifua kwa nguvu na kwa haraka huku mwingine akitafuta usafiri wa hospitali. Wengi wangepona kama wenzao wasingeogopa kuwagusa.

15. Je, radi inaweza kutumwa na mtu?

Tunaulizwa hili kwa sauti ya chini baada ya mkutano, na huwa anayeuliza amefiwa. Tunamjibu kwa heshima. Radi hufuata njia rahisi kati ya wingu na ardhi, na njia hiyo huchaguliwa na urefu, umbo na unyevu wa kilichoko chini. Hupiga miti, minara, mawe ya milimani na ziwa tupu mara nyingi mno kuliko watu. Shule hupigwa kwa sababu ya bati pana juu ya kilima, watoto wengi wakiwa mahali pamoja na hakuna waya wa kupeleka umeme ardhini. Tukimtafuta jirani wa kulaumiwa, bati lile linabaki bila kinga na msimu ujao watoto wako pale pale. Tungependa hasira hiyo iende kudai kinga ya radi kwa kila shule.

16. Nguo nyekundu, kioo na simu ya mkononi vinavuta radi?

Hapana, vyote vitatu. Simu iliyochomekwa kwenye chaja ni jambo lingine, kwa sababu radi inaweza kupita kwenye nyaya za umeme. Chomoa.

## Anga na saa

17. Kwa nini Dar es Salaam kunakucha mapema kuliko Kigoma?

Dunia hugeuka nyuzi 15 kwa saa, yaani dakika 4 kwa kila nyuzi. Kigoma iko karibu nyuzi 10 magharibi ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu huchelewa kwa dakika 39 hivi. Tabora iko katikati: inatutangulia kwa dakika 13 hivi. Waislamu wa Ujiji wanalijua hili kuliko mtu yeyote, maana anayefuturu kwa adhana ya redioni kutoka Dar es Salaam angefungua jua lingali juu ya milima ya Kongo.

Zaidi ya hapo, saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao hata Dar es Salaam haiufikii. Sisi tuko nyuzi 29 na nusu hivi. Ndiyo maana mwezi wa Februari jua la Kigoma huchomoza saa moja imeshapita. Burundi, jirani kabisa, wanatumia saa iliyo nyuma kwa saa nzima, na kwao jua lile lile huchomoza karibu saa kumi na mbili.

18. Ni siku gani kijiti hakina kivuli?

Karibu na tarehe 8 Machi na 5 Oktoba jua hupita juu kabisa ya utosi hapa. Kwa sababu iliyoelezwa swali la 17, usisubiri saa sita: Machi ni kama saa saba na dakika 13, Oktoba ni kama saa saba kasoro dakika 10. Simika kijiti wima kwa kutumia uzi na jiwe. Tunaomba kila shule ifanye hivi. Shule ya Kigoma na ya Bujumbura zikipima kivuli siku moja, kila moja jua linapofika juu kabisa kwake, wanafunzi wanaweza kukokotoa ukubwa wa dunia.

19. Nyota ya Kaskazini iko wapi? Na Kilimia?

Nyota ya Kaskazini haionekani Kigoma, iko chini ya upeo wa macho. Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, kinaonekana vizuri. Kinapotea Mei kwa sababu jua linapita upande wake, na Novemba huchomoza mashariki giza linapoingia, mvua zikiwa zimeanza. Wahenga walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Waliosema hivyo walikuwa wakipima mwaka, na kipimo chao kilikuwa kizuri.

Kwenye darubini yetu watu hukaa muda mrefu zaidi kwa Zohali na pete zake. Miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610, inaonekana hata kwa darubini ya kuwindia.

20. Tumeona nyota nyingi zikitembea zimepangana mstari. Ni nini?

Ni setilaiti za Starlink, zinazorushwa kwa mafungu tangu 2019. Siku chache baada ya kurushwa hufuatana mstari, kisha hutawanyika. Zinaonekana muda mfupi baada ya magharibi au kabla ya alfajiri, kwa sababu huko juu bado zinapigwa na jua.

## Shule, sola na mengineyo

21. Kipimajoto cha maabara yetu kinasoma 97 maji yakichemka. Kimeharibika?

Kizima. Uko juu ya usawa wa bahari, hewa inakandamiza kidogo, maji huchemka mapema. Kigoma mjini ni nyuzi 97 na nusu hivi, Tabora ni 96. Tumeona vipimajoto vizuri vikitupwa kwa sababu kitabu kimeandika 100.

22. Jua linawaka mchana kweli, mbona sola inashusha umeme?

Paneli inataka mwanga, joto linaiumiza. Kila nyuzi moja ya joto kwenye paneli ya kawaida hupunguza umeme kwa asilimia 0.4 hivi, na juu ya bati inaweza kufika nyuzi 60. Inyanyue sentimita kadhaa kutoka kwenye bati hewa ipite chini. Huku kwetu ielekee kaskazini, ikiinama kidogo tu, nyuzi 10 hadi 15, ili mvua ioshe vumbi.

23. Mnara wa simu karibu na nyumba unaleta saratani?

Mawimbi ya simu hayana nishati ya kuvunja molekuli za mwili, tofauti na eksirei. Huweza kupasha joto, na kwa umbali wa mnara joto hilo ni dogo mno. Mwenye shaka anaweza kuuliza Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, ambayo kazi yake ni pamoja na kupima mionzi.

24. Mwanangu anataka kusoma fizikia chuo kikuu. Achukue mchepuo gani?

PCM (fizikia, kemia, hisabati) ndio wa moja kwa moja. PGM (fizikia, jiografia, hisabati) na PCB (fizikia, kemia, baiolojia) pia zina fizikia. Hisabati asiiache. Wasichana, tunawaomba hasa ninyi: madarasa ya fizikia yanawahitaji.

25. Baikal wana darubini ndani ya ziwa. Tanganyika linafaa?

Aliyeuliza mara ya kwanza ni mwanafunzi wa kidato cha nne, na swali lake lilitupeleka kusoma usiku kucha. Darubini ile ilizinduliwa rasmi Machi 2021. Inatafuta nyutrino, chembe zinazopita kwenye dunia nzima karibu bila kugusa kitu. Mara chache sana moja hugonga, na chembe inayozaliwa hukimbia majini kasi kuliko mwanga unavyokimbia humo, ikitoa mmweko wa buluu. Maelfu ya macho ya kioo yaliyoning'inizwa kilindini, kwenye giza, hunasa mmweko huo.

Giza na kina tunavyo. Lakini Baikal huganda wakati wa baridi, na barafu inakuwa sakafu ya kusimamisha mitambo. Sisi tungehitaji meli kwa kila kazi. Maji yao baridi pia yana viumbe wachache wa kuziba vioo. Tunaona Baikal wana faida, ila uangavu wa maji yetu kilindini unastahili kupimwa kwa macho ya namna hiyo, na kazi hiyo ingemtosha mwanafunzi wa uzamili mwenye kamba ndefu na subira.

26. Nimeokota jiwe zito jeusi. Ni kimondo?

Mara nyingi si kimondo. Ni jiwe lenye madini ya chuma au makapi ya tanuri la zamani, na makapi hayo yana thamani yake kwa wanahistoria. Jaribu hivi: weka sumaku, kimondo kwa kawaida huivuta. Lipime uzito, liwe zito kuliko mawe ya ukubwa huo. Lisugue kwenye upande usiong'aa wa kigae; likiacha mchirizi mwekundu au mweusi, ni madini ya chuma ya hapa hapa duniani. Likiwa na vitundu kama sifongo, liweke pembeni.

Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, ni pande la chuma na nikeli la tani 16 hivi. Chako kikifaulu majaribio yote, kipige picha, kifunge kwenye karatasi kavu bila kukiosha, andika kijiji na sehemu ulipokiokota, kisha kilete jioni ya darubini. Tutakipeleka kwa wanajiolojia wenye mashine ya kupima nikeli, na jina lako litaandikwa kwenye bahasha.